Namba ya ombi: jinsi draiva ya diski inavyofuatilia data iliyo njiani

Vijana ninaofanya nao kazi ya kutunza seva hapa Kisumu huniuliza draiva ya diski, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na diski, hujuaje, kati ya maombi mengi ya kusoma au kuandika data yaliyotumwa kwa pamoja, ni lipi limekamilika na lipi bado. Jibu ni namba ambayo kila ombi hupewa kabla ya kutumwa.

Katika mfumo endeshi wa Linux, tangu toleo la 3.13 la mwaka 2014, kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, ina utaratibu wa kutenga namba hizo mapema, kila moja ikiwa na nafasi yake ya kuwekea habari za ombi: sekta (kipande cha diski) linapoanzia, urefu wake, kurasa za kumbukumbu zitakazotumika na saa lilipotumwa. Diski inayounganishwa kwa SATA, njia ya zamani, hupokea maombi yasiyozidi 32 kwa wakati mmoja, ilhali foleni moja ya maombi katika NVMe, njia mpya ya diski zenye kasi, inaruhusiwa kuwa na nafasi 65,536. Diski huhamisha data yenyewe bila kukipitia kichakataji, tena hujibu kwa mpangilio inaoutaka, kwa hiyo namba iliyomo katika jibu ndiyo njia pekee ya draiva kulitambua ombi linalohusika.

Ugumu huanza jibu linapokawia. Muda wa kawaida wa kusubiri katika Linux ni sekunde 30, na ukipita, draiva haina ruhusa ya kuichukua namba ile na kuipa ombi jingine papo hapo, kwa sababu huenda diski bado inashikilia anwani ya kumbukumbu na ikaja kuandika humo baada ya ukurasa ule kupewa programu nyingine. Ni lazima kwanza ombi lile lifutwe au kidhibiti cha diski kianzishwe upya. Mimi hupima ubora wa draiva yoyote kwa sehemu hii kuliko kwa kasi yake. Draiva ya NVMe ya Linux imeongeza kinga nyingine ninayoithamini sana: katika biti 16 za kitambulisho cha ombi, biti 4 huhesabu kizazi cha namba, hesabu inayobadilika kila namba inapotumika upya, hivyo jibu lililochelewa la ombi la zamani lililokuwa na namba hiyo hukataliwa.

Anayetaka kuona hali ilivyo afungue faili /sys/block/nvme0n1/inflight, ambalo huonyesha idadi ya maombi ya kusoma na ya kuandika yaliyo njiani. Idadi hiyo ikiganda bila kushuka, asome ujumbe wa kerneli kabla ya kugusa swichi ya umeme.