Tangi “lililokomaa” ni tangi gani, na beta mpya linamhusu vipi

“Huyu hana shida, kaka, hata kwenye bilauri anaishi.” Ndivyo muuzaji alivyoniambia siku niliyonunua beta wangu wa kwanza, samaki wa mapambo, dume la buluu lenye mapezi marefu yanayopepea kama kanga kwenye kamba. Alikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Nilipofika nyumbani niliosha chombo cha kioo mpaka kikang’aa, nikajaza maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha, nikamtia. Siku ya tisa nilimkuta amelala ubavu chini kabisa. Maji yalikuwa maangavu, unaona hadi ukuta wa pili.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba chombo changu kilikuwa kisafi lakini hakijakomaa. Wafugaji wa samaki wa mapambo wanaposema tangi limekomaa hawazungumzii umri wa kioo, wala uangavu wa maji. Wana maana kwamba humo ndani wameshaota bakteria wa kutosha, wanaomaliza sumu inayotoka kwa samaki kwa kasi ileile anayoitoa. Tangi jipya halina bakteria hao, hata uliloshe mara saba. Tena ukiliosha mara saba ndiyo hutawapata kabisa.

Sumu yenyewe ni amonia. Samaki huitoa hasa kupitia matamvua, mchana na usiku, ale asile. Mavi yake na mabaki ya chakula yakioza huzalisha nyingine. Mtoni hutawanyika ikapotea. Ndani ya lita tano za maji haina pa kwenda. Haina rangi, na kwa kiasi kinachotosha kumdhuru samaki pua yako haitanusa kitu. Humchoma matamvua na ngozi taratibu, yeye akipoa, akikunja mapezi, akikataa chakula, wewe ukidhani ni ugeni tu.

Katika tangi lililokomaa, kundi la kwanza la bakteria, mashuhuri wao wakiwa Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ni nafuu sana: mimea huila, na iliyobaki unaiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Tatizo ni pale katikati, kwa sababu nitriti nayo ni sumu. Huingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hadi damu inageuka kahawia.

Na hapa ndipo yule muuzaji wangu alipopotoka, ingawa sidhani alinidanganya kwa makusudi. Beta ana kiungo kiitwacho labirinthi, kilichokaa juu ya matamvua, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Utamwona akipanda, anagusa uso wa maji kwa mdomo, kisha anashuka. Kwetu jambo hili si geni: kambale naye ana kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana utamkuta sokoni yuko kwenye beseni lenye maji kidogo na bado anapiga mkia. Kwa hiyo ni kweli kwamba beta haangushwi upesi na uhaba wa oksijeni majini. Ila amonia haimnyimi hewa, inamuunguza. Na nitriti ikishaharibu damu, atavuta hewa atakavyo, damu haitaibeba. Kile kiungo kinamsaidia kustahimili kikombe cha dukani kwa siku kadhaa, na ustahimilivu huo ndio tunaouona tukasema hana shida.

Watu hupenda pia kusema kwamba kwao beta anaishi kwenye madimbwi. Kwao ni Thailand, kwenye bonde la mto Chao Phraya, ambako wenyeji humwita pla kat, yaani samaki anayeng’ata. Mwaka 2019 nchi hiyo ilimtangaza kuwa mnyama wake wa majini wa kitaifa. Anaishi kwenye mashamba ya mpunga, mitaro na vinamasi. Maji hayo ni ya kina kifupi, sikatai, lakini yametanda eneo kubwa, yamejaa majani, na tope lake lina bakteria wasiohesabika. Ukitazama jaruba la mpunga kwa jicho hili, ni tangi lililokomaa zamani. Bilauri mezani haina hata kimoja cha hivyo.

Sasa, tangi hukomaaje? Unaliandaa kabla ya samaki. Lita 20 hivi zinamtosha beta mmoja vizuri. Unaweka filta, yaani kichujio cha maji; ya sponji ndiyo bora kwa sababu mkondo wake ni mpole na mapezi yale hayapendi kusukumwa. Unatia maji yasiyo na klorini, ile dawa ya maji ya bomba inayoua vijidudu, kisha kila siku unadondosha punje chache za chakula cha samaki zioze. Zikioza zinatoa amonia, na amonia ndiyo inayowalisha bakteria. Ngoja wiki nne hadi sita. Ndiyo, wiki sita ukitazama maji matupu. Wageni wakija watakuuliza samaki yuko wapi. Mwenye kipimo cha maji ataona amonia inapanda kisha inashuka, nitriti inafuata njia hiyohiyo, halafu zote mbili zinasoma sifuri na nitrati inajitokeza. Hapo limekomaa.

Ipo njia ya mkato ambayo mimi naipendelea: kumwomba mwenzako mwenye tangi la siku nyingi kipande cha sponji ya filta yake, ambamo bakteria wameshaota. Ni kama kuchukua vijiko viwili vya mtindi wa jana kugandishia maziwa ya leo. Kibebe kikiwa kimelowa, kitie kwenye filta yako siku hiyohiyo. Hakikisha tu samaki wa huyo mwenzako hawaumwi.

Lakini wengi tunasoma haya samaki akiwa ameshafika nyumbani. Basi mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 joto lilingane, umwongezee maji ya tangi kidogokidogo, kisha umhamishe kwa kikombe. Maji ya mfuko usiyamwage ndani. Baada ya hapo wewe ndiye unayefanya kazi ya bakteria: badilisha robo ya maji kila baada ya siku moja au mbili, kwa wiki kadhaa, na umlishe kwa mkono wa birika, punje tatu au nne kwa siku. Beta ni mla wadudu. Viluwiluwi vya mbu huvifurahia kuliko chochote. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo isiyofunikwa siku nzima klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini, maana zipo aina za klorini zisizotoka kwa kungoja.

Joto lisogee kati ya nyuzi 24 na 28. Dar es Salaam na Mombasa hali ya hewa yenyewe inakusaidia kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi mwezi Julai, bila hita, samaki atazubaa na bakteria nao watazaliana kwa kusuasua.

Wakazi wa pwani tuna kitu kingine mlangoni: mti wa mkungu. Jani lake likikauka na kuanguka, lioshe, lilaze ndani ya tangi. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Wafugaji wa Asia ya Kusini-Mashariki hutumia majani ya mti huohuo kwa ajili ya beta. Jani hupunguza kidogo pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (ikishuka, asidi imezidi), na pH ina uzito kuliko watu wanavyodhani: kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo kali haifiki asilimia 1, ila kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Jani halikomazi tangi, lakini linapunguza makali.

Kosa la mwisho nililifanya na tangi la pili, lililokuwa limekomaa tayari. Sponji ilikuwa imejaa uchafu wa kahawia, nikaifikicha chini ya bomba hadi ikarudi njano kama mpya. Ule ukahawia ndimo walimokuwa bakteria, na klorini ya bomba ikawamaliza waliosalia. Siku ya tatu dume lilikuwa limekunja mapezi. Safari hii nilijua la kufanya, nikabadilisha maji kila siku kwa wiki mbili, akapona. Siku hizi natoa maji ya tangi kwenye ndoo, naikamua sponji humo mara mbili, nairudisha ikiwa bado chafuchafu, na maji ya ile ndoo namwagia mchicha.