Kuuliza seva ya saraka kwa kivinjari: maana yake na kinachofanyika

Taasisi yenye watu wengi, iwe chuo kikuu, hospitali au kampuni, huwa na mahali pamoja panapotunzwa majina ya watu wake, barua pepe, namba za simu, idara, na mara nyingi nywila zao pia. Mahali hapo ndipo kwenye seva ya saraka. Mtumiaji wa kawaida haioni seva hiyo. Anachokiona ni ukurasa wenye kisanduku kimoja na kitufe cha "Tafuta": anaandika jina, anabonyeza, anapata namba. Huko ndiko kuuliza saraka kupitia wavuti. Ila kati ya kubonyeza na kupata namba kuna kazi ya ukalimani, na hapo ndipo penye mambo.

Saraka haikupangwa kwa majedwali kama hifadhidata tulizozizoea. Imepangwa kama mti, na kila rekodi ina jina linaloonyesha njia yote kutoka kwenye rekodi hadi kwenye mzizi, mfano uid=ajuma,ou=walimu,dc=mfano,dc=org. Ukisoma kutoka kushoto unakutana na mtu, kisha kitengo chake, kisha taasisi. Ndani ya rekodi kuna sifa: cn ni jina kamili, sn ni jina la ukoo, mail ni barua pepe. Sifa moja inaweza kubeba thamani kadhaa, kwa hiyo mtu mwenye simu tatu hasumbui mtu.

Seva hizi huzungumza kwa itifaki ya LDAP, yaani kanuni za mawasiliano kati ya programu na saraka. Kabla yake kulikuwa na viwango vya X.500, vilivyotolewa 1988, lakini itifaki yake ilikuwa nzito mno kwa kompyuta za mezani za wakati ule. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilishiriki kuunda iliyo nyepesi. Maelezo yake ya kwanza yalichapishwa 1993, na toleo la 3, ambalo ndilo linalotumika mpaka leo, lilitoka 1997. Vivinjari vya sasa havizungumzi LDAP. Ndiyo maana inahitajika programu ndogo kwenye seva ya wavuti, tuseme ya PHP au Python, ipokee maneno ya mtumiaji, iyageuze kuwa swali la LDAP, kisha irudishe jibu kama ukurasa.

Programu hiyo huanza kwa kufungua muunganisho, kwa kawaida kwenye poti 389, au 636 ikiwa mawasiliano yamefungwa kwa usimbaji tangu mwanzo. Inajitambulisha kwa akaunti fulani au inaingia bila jina, kama seva inaruhusu. Halafu inataja tawi la kuanzia, ishuke hadi wapi, inataka sifa zipi, na kichujio, yaani masharti ambayo rekodi lazima iyatimize. Mtumiaji hakuulizwa lolote kati ya haya. Aliyetengeneza ukurasa alishamwamulia.

Kichujio ndicho moyo wa swali. Mtu akiandika juma, programu inaweza kutuma hiki:

(&(objectClass=person)(|(cn=*juma*)(mail=juma*)))

Alama ya kuunganisha (& ni "na", | ni "au") hutangulia vile inavyoviunganisha, jambo linalowachanganya wengi mwanzoni. Hapo seva imeambiwa: nipe rekodi za watu, ambazo ama jina kamili lina "juma" popote, ama barua pepe inaanza na "juma". Herufi kubwa na ndogo hazileti tofauti kwenye sifa hizo. Nyota iliyotangulia neno ndiyo yenye gharama, kwa sababu seva isiyo na faharasa ya vipande vya maneno italazimika kupekua rekodi moja moja.

Sasa fikiria mtumiaji asiandike jina, aandike nyota au mabano. Ukurasa unaobandika maandishi yake moja kwa moja ndani ya kichujio umemkabidhi uwezo wa kuliandika swali upya. Dawa yake ni rahisi: nyota igeuzwe kuwa \2a, mabano kuwa \28 na \29, na mkwaju wa nyuma kuwa \5c. PHP ina ldap_escape kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo sioni udhuru wa kutofanya. Mtego mwingine uko kwenye kurasa zinazotumia saraka kuhakiki nywila. Baadhi ya seva zikipewa jina pamoja na nywila tupu, huchukulia kwamba mgeni ameingia bila kujitambulisha na kujibu kwamba yote ni sawa. Ukurasa ukiliamini jibu hilo, yeyote anayejua jina la mtu ataingia kwa jina hilo. Nywila tupu ikataliwe kabla seva haijaulizwa.

Jambo linalowasumbua watumiaji zaidi ni maneno "hakuna matokeo". Wengi huyaelewa kwamba mtu huyo hayumo. Huenda yumo. Huenda utafutaji ulianzia tawi la walimu naye yuko tawi la wanafunzi, au uliagizwa kushuka ngazi moja tu naye yuko ngazi ya tatu. Huenda pia akaunti ya ukurasa hairuhusiwi kusoma rekodi yake. Seva nyingi hazisemi "umekatazwa" bali hunyamaza kana kwamba rekodi haipo. Upande wa pili kuna matokeo yaliyokatwa. Chukua programu mbili za seva ya saraka: OpenLDAP, isipobadilishwa, haitoi zaidi ya rekodi 500 kwa swali moja, na Active Directory huishia 1,000 kwa mkupuo. Seva huambatanisha msimbo 4 kueleza kwamba kikomo kimefikiwa. Ukurasa mzembe huupuuza na kuonyesha zile 500 kana kwamba ndizo zote, na kwangu mimi hilo ni baya kuliko kutoonyesha kitu.

Ukitaka kujua kosa liko wapi, iulize seva bila kupitia ukurasa, kwa amri ya ldapsearch kwenye dirisha la amri:

ldapsearch -x -H ldap://seva.mfano.org -b "dc=mfano,dc=org" "(sn=juma)" cn mail

Hapo -H ni anwani ya seva, -b ni tawi la kuanzia, na -x ni kujitambulisha kwa njia ya kawaida. Bila kutaja akaunti, unaingia kama mgeni. Rudia swali kwa akaunti ile ile ya ukurasa, ukiongeza -D kwa jina lake na -W ili uulizwe nywila. Rekodi ikitokea hapo, kagua tawi, kina na kichujio alivyoviandika mtengenezaji. Isipotokea, mwone msimamizi wa saraka.