Homa ya uti wa mgongo: jina linatuponza

"Mgongo haumuumi, basi si uti wa mgongo." Nimeisikia hii mara nyingi, na wa kulaumiwa ni jina lenyewe. Ugonjwa unashika utando unaofunika ubongo na uti, kwa hiyo tazama kichwa na shingo: homa kali, kichwa kugonga kuliko alivyozoea, kutapika, kukimbia mwanga, shingo kukaza. Mwambie ashushe kidevu kiguse kifua. Akishindwa, tafuteni usafiri.

"Kapimwa, ni malaria tu." Malaria haimkingi mtu na ugonjwa wa pili. Akianza kuweweseka au kusinzia asiamke vizuri, mrudisheni saa hiyo hiyo hata kama dawa mseto hajazimaliza. Uti wa mgongo wa bakteria unaweza kuua ndani ya saa 24.

"Mtoto wa degedege hachomwi sindano." Degedege huletwa na malaria, na homa nyingine, na uti wa mgongo pia, moshi wa kumfukiza hautofautishi. Kwa mtoto mchanga usingoje shingo, mara nyingi haikazi. Mkalishe akiwa ametulia, mpapase utosi. Ukiwa umetuna, au hataki ziwa, amelegea, analia kilio chembamba kila akibebwa, ondokeni.

"Wakimtoa maji ya mgongo atapooza." Hapa ndipo ndugu wanapogoma kuweka saini, na wodi nzima inawaunga mkono. Mgonjwa analazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, sindano inaingia kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Yanadondoka matone machache kwenye vichupa. Ya mtu mzima wa afya ni maangavu kama maji ya kunywa. Yakiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, daktari ameshaanza kupata jibu. Baadaye kichwa au kiuno kinaweza kuuma siku kadhaa. Aliyefikishwa amechelewa akafariki, sindano ndiyo inayolaumiwa, kwa sababu ndiyo iliyoonekana.

"Amechanjwa." Vizuri, lakini chanjo za kliniki za wiki ya 6, 10 na 14 zinazuia baadhi ya bakteria tu. Fangasi, ambao nao huleta uti wa mgongo, haziwagusi, na hao huwaandama zaidi wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka: kichwa kinauma wiki moja, ya pili, shingo ni laini, panado haisaidii. Huyo aende kliniki hata kama leo si tarehe yake.