Homa ya Dengi, Pipa la Maji na Kazi ya Daktari wa Familia

Mgonjwa wa homa Mombasa akipimwa malaria akakutwa hana, mara nyingi hupewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike. Daktari wa familia ana swali jingine la kumuuliza: nyumbani maji mnaweka kwenye nini?

Homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka 2013, 2017 na tena 2021, huenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kupenda maji safi yaliyotulia. Mifereji ikikauka siku tatu nne, watu hununua mitungi ya maji ya mkokoteni na kujaza mapipa. Mayai ya mbu huyu hunata ubavuni mwa pipa, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Lisugue pipa kwa brashi, kisha lifunike pasibaki mwanya.

Joto nalo lina sehemu yake. Kwenye nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, virusi vya dengi hukaa siku 8 hadi 12 ndani ya mbu kabla hajaanza kuambukiza. Joto likizidi, siku hizo hupungua. Ukame huwafanya watu waweke akiba ya maji, halafu mvua kubwa hujaza matairi na vifuu vya nazi. Mbu hufaidi kotekote.

(Ukishuku dengi, meza paracetamol. Achana na aspirini, brufeni na diklofenaki, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au ufizi ukitoa damu, hasa homa inaposhuka, nenda hospitali papo hapo.)

Mwaka 2019 WONCA, shirika la madaktari wa familia duniani, lilitoa tamko la kuwataka wachukue hatua kuhusu afya ya sayari hii, yaani afya ya watu pamoja na mazingira wanayoyategemea. Tamko ni zuri, ila kwa maoni yangu kazi yenyewe iko mtaani. Daktari wa familia humtibu mama, mtoto na nyanya wa nyumba moja, mwaka baada ya mwaka. Akiona homa zinatoka mtaa uleule usio na maji, ana ushahidi ambao mtaalamu wa hali ya hewa hana. Majina ya wagonjwa yabaki siri. Mtaa, mwezi na idadi vinatosha.

Ushahidi huo upelekwe kaunti, kwa kuwa huduma za afya Kenya ziligatuliwa mwaka 2013. Tatizo ni kalenda. Mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30, masika yakiwa ndiyo kwanza yamechanganya. Daktari anayengoja wodi zijae ndipo aandike barua hukuta fedha zimeshagawanywa. Takwimu za msimu uliopita ziwe mezani Januari, pamoja na ombi linalotaja mtaa: maji ya mfereji pale, na vipimo vya dengi katika zahanati ya mtaa huo.