Brashi za vifaa vya upasuaji: pima tundu kwanza

Kazi yangu ni kusafisha na kusterilaizi, yaani kuua vijidudu vyote kwenye, vifaa vya thieta hapa Mwanza, na swali ninaloulizwa sana na wenzangu wa vituo vya afya huku Kanda ya Ziwa ni brashi gani inunuliwe, wengi wanataka moja tu imalize kazi yote. Hiyo brashi haipo jamani.

Tuanze na bomba la sakisheni, lile la kunyonya damu na majimaji wakati wa upasuaji, maana ndilo linalotusumbua. Nje linang'aa kabisa ila ndani damu imeshikilia, pitisha kipande cha gozi nyeupe uone kinavyotoka kimekuwa kahawia. Brashi ya hapa lazima iendane na upenyo wa tundu: ikiwa nyembamba inapita katikati bila kugusa kuta, ikiwa nene nyuzi zake zinalala na kuteleza badala ya kusugua. Halafu iwe ndefu kiasi kwamba kichwa kinatokeza upande wa pili, ukisuuze ndo uvute kurudi, la sivyo unausogeza uchafu huku na huku humohumo ndani.

Forsepsi (koleo za kubania) na mikasi, brashi ndogo ya nailoni inatosha, sugua kifaa kikiwa wazi, kwenye bawaba na kwenye vile vimeno vya mdomoni, fuata mistari yake. Stiliwaya ya masufuria marufuku, na brashi ya waya pia, labda kwa tupa za mifupa na kama mtengenezaji mwenyewe kairuhusu. Stenlesi stili inakwepa kutu kwa sababu ya utando mwembamba mno wa kromiamu oksaidi juu yake, ukiukwaruza kutu inapata pa kuanzia, na damu yenyewe ina chumvi. Watu wanalaumu maji ya ziwa wakati waya ndo umeshaharibu chuma!

Sugua kifaa kikiwa kimezama, maana ukisugulia juu ya maji matone yanakurukia usoni hata kama umevaa barakoa. Maji yawe ya uvuguvugu, yakizidi nyuzijoto 45 hivi protini za damu zinagandia kwenye chuma. Na naomba sana tuache kusema "otokleivu itamaliza", otokleivu, ile mashine ya mvuke, hata ya nyuzijoto 134 haioshi kitu, mvuke unaua vijidudu ulivyovifikia tu, na chini ya damu iliyokauka haufiki vizuri.

Brashi nayo ioshwe, itakaswe, ikaushwe, ikipinda nyuzi itupwe. Pakiti yenye namba 2 iliyokatwa mstari ndani ya duara maana yake ni ya kutumia mara moja, usiirudishe kwenye beseni kesho.

Mnaoagiza kutoka Ukerewe au Sengerema, kabla hamjafunga safari kuja mjini pimeni tundu la kila bomba mlilonalo na urefu wake, muandike kwa milimita, maana ukimwambia muuzaji "nipe brashi za sakisheni" atakupa zilizopo dukani.