Uvimbe wa taya uliotoka Mulago

Bado wapo wanaosema Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, hufundisha tu, uvumbuzi wa tiba hutoka Ulaya. Si kweli. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, hospitali ya kufundishia ya Makerere mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Darubini ilikuwa ya London, ndiyo, lakini swali lilizaliwa wodini Kampala, na wagonjwa walikuwa watoto wetu. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambako dawa mseto za saratani zilijaribiwa na watoto wengi wakapona.