Mwenyekiti kijana na bakuli la faini

Kijana anayechaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa hana mvi za kumlinda. Wanachama ni rika lake, wamecheza naye mpira, wanamwita kwa jina la utani. Mzee akichelewa atavumiliwa. Yeye akichelewa, wiki inayofuata wanachelewa watano. Ndiyo maana ninapofundisha vikundi vya vijana naanza na bakuli la faini, hesabu za riba baadaye.

Tuseme katiba imeweka faini ya shilingi 500 kwa kuchelewa, na kikao ni saa tisa alasiri. Mwenyekiti amefika saa tisa na dakika sita. Hapo hapo, kabla katibu hajaita majina, atoe sarafu yake aitie bakulini mbele ya wote, bila maelezo marefu ya foleni ya daladala. Akisema "niandikieni, nitalipa wiki ijayo", katibu ataona haya kumdai, na akishindwa kumdai mwenyekiti atamdai nani? Baada ya vikao vinne vitano faini zimejaa daftarini kama madeni, na anayedaiwa faini huanza kukwepa vikao, rejesho lake la mkopo nalo likapotea naye.

Mkopo ni mtihani mkubwa zaidi. Vikundi vingi humruhusu mwanachama kununua hisa 1 hadi 5 kila kikao, na kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Hisa ikiwa shilingi 2,000, mwenye hisa 30 ana 60,000, basi kikomo chake ni 180,000. Mwenyekiti asiombe 200,000 eti kwa kuwa anakitumikia kikundi. Ombi lake likijadiliwa, kikao kiongozwe na mwingine, yeye anyamaze. Biashara ikiyumba, aseme kabla ya tarehe ya rejesho, ataje atalipa kiasi gani na lini.

Siku hizi wengi wanaharibikiwa kwenye pesa za simu. Mwanachama yuko safarini, anatuma hisa zake kwa namba ya mwenyekiti. Mwenyekiti anabanwa na shida, anazigusa, akijua atazirudisha Jumamosi. Hata akizirudisha zote, muhuri wa kuonyesha hisa zilizonunuliwa haukupigwa kwenye kitabu cha mwanachama siku ile, na minong'ono imeshaanza. Akatae kabisa kupokea. Anayesafiri amwachie mwenzake fedha taslimu, ziletwe kikaoni.

Sanduku la fedha la kikundi lina kufuli tatu na washika funguo watatu, wote nje ya uongozi. Mwenyekiti asishike ufunguo hata mmoja, hata kwa dakika tano za kumsaidia aliyetoka nje. Fedha zihesabiwe kwa sauti na wahesabu fedha wawili, salio litajwe, wanachama walishike kichwani. Kikao kijacho, salio likiulizwa, naye awe miongoni mwa wanaolitaja kwa kichwa, bila kuchungulia daftari la katibu.